Kopo Lilipokuwa Tupu

Daktari alikuja mara ya tatu siku ya Jumanne jioni, na safari hii hakupitia hata kwake kubadili nguo. Kadi ya hospitali ilikuwa bado inaning'inia shingoni, na kwenye mfuko wa shati kulikuwa na glavu moja tu, kidole chake kimoja kikichungulia nje kama mtoto mtundu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ingia, kijana. Umekuja tena kuposa?"

"Nimekuja, na nikikataliwa leo nalala hapa hapa kibarazani. Mniletee shuka tu."

Mwalimu alicheka. Tangu astaafu, miaka minane sasa, wageni walikuwa wamepungua pale nyumbani, naye hakuwa na haki ya kuchagua. Mgeni wa mkewe alikuwa mgeni wake pia. Akamvutia kiti. Mkewe alikuwa ameketi karibu na dirisha, sare yake ya kazini mapajani, anashona kifungo. Mtaa mzima ulimwita Mkunga. Hata Mwalimu alimwita hivyo hivyo, tangu siku za uchumba, alipokuwa bado mwanafunzi wa uuguzi asiyejua hata kumshika mtoto mchanga shingo. Wakati ule lilikuwa jina la utani. Baadaye likawa jina la heshima, na heshima yenyewe aliitolea jasho.

"Mama," Daktari alisema, "nisikilize mara hii moja. Wakunga thelathini, kutoka nchi tano. Siku kumi tu. Wanakuja kujifunza kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, kwa mikono, bila kisu. Nimezunguka hospitali zote ninazozijua. Wapo waliosoma habari hiyo kitabuni. Anayeifanya ni wewe. Na mwisho wa mwaka unastaafu. Ukiondoka, unaondoka na mikono yako."

"Kwani ulitaka niiache ofisini?"

"Mama!"

"Mwanangu, mikono ninayo. Mdomo ndio sina. Mafunzo si ya Kiingereza?"

"Ni ya Kiingereza, ndiyo. Lakini mdomo unao! Juzi ulinifokea wodi ya wazazi nzima ikanyamaza."

"Nilikufokea kwa Kiswahili."

Hapo Mwalimu hakuweza kujizuia. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka thelathini na nne, na kusikia mtu wa nyumbani mwake akidai hana Kiingereza kulimwasha kama upupu. Akamwambia Daktari amwachie yeye shughuli hiyo, mke wake anakijua Kiingereza vizuri sana, kamfundisha mwenyewe, tena kwa njia ambayo vyuo vya ualimu havijaigundua. Kisha, kama alivyozoea kufanya kila alipopata mtu wa kumsikiliza, akaanza kisa cha kopo.

Alianzia mbali, kwa vihusishi. "Sisi tumebarikiwa," alisema. "Tuna kile kijineno '-ni'. Unakibandika nyuma ya kitu, mambo yamekwisha: mezani, kitandani, jikoni, sokoni. Mwingereza hakubali. Anataka kujua kitu kiko ndani, au kiko juu, au kimesimama tu hapo jirani. Ana 'in', ana 'on', ana 'at', na kila kimoja kina wivu na mwenzake." Shuleni walimbandika jina la Skrubu, kwa sababu alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba vihusishi ni skrubu za lugha. Ni vidogo, lakini kikipotea kimoja, mlango unakuangukia usoni.

Basi, aliendelea, mkewe alipokuwa anajiandaa kwa mtihani wa daraja la juu la ukunga, watoto wakiwa bado wadogo, yeye alitoa amri kwamba chakula cha jioni kitaliwa kwa Kiingereza. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa mfuniko, akaliweka katikati ya meza. Kila anayekosea kihusishi, punje moja ya maharage inatoka kwenye mfuko wa stoo na kuingia kwenye kopo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kopo linafunguliwa, maharage yanahesabiwa, yanapikwa.

"Mwezi wa kwanza," alisema Mwalimu, akiinua kidole, "punje mia mbili na kumi na tatu! Za Mkunga peke yake mia na tisini. Watoto wanapiga vijiko mezani: leo tunakula makosa ya mama! Leo tunakula makosa ya mama! Tulivunjika mbavu. Lakini mwezi wa pili zikapungua. Wa tatu zikapungua tena. Mwezi wa nane, saba. Wa tisa, kopo tupu. Tupu kabisa! Nikalipeleka shuleni, nikalitikisa mbele ya walimu wenzangu. Nikawaambia, sikilizeni hilo. Huo ndio ualimu."

Hapo ndipo watu wote walipokuwa wakicheka, miaka yote. Daktari hakucheka. Alikuwa anatazama kiti kilicho karibu na dirisha. Mkunga alikuwa amekata uzi kwa meno, amekunja sare, na ameingia ndani.

*

Daktari alipokwisha kwenda, Mwalimu alimkuta mkewe jikoni akimenya viazi, maganda yakianguka kwenye beseni moja moja, membamba kama karatasi.

"Umeondoka mgeni hajaaga."

"Kifungo kilikuwa kimekwisha."

"Mkunga, unajidharau bure. Mtu uliyekimaliza Kiingereza ndani ya miezi tisa..."

"Mwalimu." Aliweka kisu chini. "Unajua kwa nini kopo lilikuwa tupu?"

"Kwa sababu ulikuwa umeshika."

"Kwa sababu nilinyamaza."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyowaambia wagonjwa mara ngapi kwa siku wameze vidonge. Mwalimu alibaki ameshika fremu ya mlango. Akataka kubisha, maana kubisha ilikuwa kazi yake ya miaka mingi, lakini kichwa kilikuwa tayari kimemrudisha kwenye meza ile, na mezani pale alimwona mkewe, mwezi wa saba, mwezi wa nane, akila. Yes. No. Thank you. Salt, please. Kuomba chumvi hakuhitaji kihusishi. Alikuwa ametafuta, moja baada ya moja, maneno yote ambayo hayawezi kukosewa, na yalikuwa machache kama meno ya mtoto. Watoto waliongea, baba aliongea, yeye aliwapakulia. Na aliyeyapika yale maharage ya Jumamosi alikuwa nani? Alikuwa yeye.

"Si ulifaulu mtihani?" hatimaye Mwalimu akasema.

"Ule ulikuwa wa kuandika. Karatasi haina macho."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia kwa lugha gani, wakati wa chakula cha jioni?" Akatabasamu kidogo, akaokota kisu. "Na mguu nao haukuvimba."

"Mguu gani?"

"Mwaka ule walipoita watu kwenye usaili wa cheo cha muuguzi mkuu. Nilisema mguu umevimba siwezi kwenda. Ukanikanda kwa maji ya moto na chumvi siku tatu."

"Ulikuwa umevimba! Niliuona kwa macho yangu."

"Uliona ulichoambiwa."

Alikumbuka beseni lile. Alikumbuka alivyopiga magoti chini, mikono ya shati imekunjwa, akijiona mume wa kupigiwa mfano. Cheo kilichukuliwa na mwanamke mwingine, mwepesi wa maneno, na kwa miaka kumi na moja Mkunga alimwandikia ripoti za wodi. Mwalimu alikuwa akimpa pole: bahati mbaya, mke wangu, mguu nao umechagua siku.

Usiku ule alisukuma sahani ya viazi pembeni, akaenda kulala.

*

Kesho yake asubuhi alimpigia simu binti yao, yule mkubwa, karani wa bandari katika mji mwingine. Alitaka aambiwe kwamba mama ametia chumvi. Hakuuliza hivyo moja kwa moja. Alizunguka mbuyu, akaulizia wajukuu, akaulizia joto la huko, kisha akasema:

"Eti mama yako anasema alikuwa ananyamaza makusudi, enzi zile za kopo."

Upande wa pili alisikia mlango wa ofisi ukifungwa.

"Baba, sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Alikuwa anajifunza jikoni kabla hujarudi. Anasema sentensi yake, anairudia, anairudia. Halafu ukiingia tu, kimya. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunamwigiza."

"Na hamkuniambia?"

"Baba, tulikuwa watoto." Akapumua. "Tulikuwa tunapenda maharage."

Mwalimu aliaga, akakaa na simu mkononi hadi kioo kikazima. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Ndiyo kazi pekee aliyoijua. Kosa likionekana, unalipigia mstari, unaandika juu yake lililo sahihi, unampa mwenyewe aandike upya. Basi akavaa miwani, akavuta daftari, akaanza.

Aliandika siku mbili. Alimwuliza Daktari kwa simu mafunzo yatahusu nini, akatafuta majina ya viungo vya mwili, akaandika masomo yote kumi kwa Kiingereza cha kunyooka, herufi zilizosimama kama askari kwenye gwaride. Vihusishi vyote alivipigia mstari kwa wino mwekundu, ili mkewe asijikwae navyo. Kurasa arobaini na mbili. Ijumaa mchana aliziweka mezani mbele yake, akarudi nyuma hatua moja.

Mkunga alifuta mikono, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akafunua katikati, akasoma tena. Mwalimu alimtazama kama mtu anayesubiri matokeo yabandikwe ukutani.

"Ni kizuri," alisema. "Kizuri kweli. Kila kitu kipo mahali pake."

"Basi utakubali."

"Lakini huyu anayesema humu ni wewe. Humu mtoto anageuzwa kama ukurasa wa kitabu. Wewe umewahi kumgeuza mtoto, Mwalimu?"

"Sijawahi."

"Basi." Akazipanga kurasa vizuri, kingo kwa kingo, akamrudishia kwa mikono miwili. Nje, mtu wa mkokoteni alipita akipiga kelele za kuuza ndoo za plastiki.

"Nisamehe," Mwalimu akasema. Neno lenyewe lilitoka limepinda, kama msumari uliopigwa vibaya. Hakukumbuka alilisema lini mara ya mwisho, achilia mbali kwa mkewe.

"Nilishakusamehe zamani. Si hilo." Mkunga aliketi. "Naweza kusema, unajua? Madaktari wageni wanaokuja wodini nasema nao. Nakosea, wananielewa, tunaendelea na kazi, mtoto anatoka. Nikiwa nao ulimi unafanya kazi. Nikikuona wewe unakufa ganzi. Hata nikijua upo chumba cha pili, unakufa ganzi. Nitamwambia Daktari nakubali. Lakini usiwepo."

"Nisiwepo wapi?"

"Ukumbini usije, hata siku ya kufunga, hata ukialikwa. Na hapa nyumbani, saa tisa mpaka saa kumi na moja, nikiwa najiandaa, utoke. Utaweza?"

Mwalimu alisema ataweza. Ungemwomba wakati ule ahamie mji mwingine, angeuliza tu basi la kwanza linaondoka saa ngapi.

*

Kwa hiyo kila siku, saa tisa kamili, Mwalimu alichukua kofia na kutoka kwake kama mpangaji aliyedaiwa kodi. Siku ya kwanza alitembea hadi mwisho wa barabara ya lami na kurudi. Siku ya pili alikaa kwenye benchi la posta, miongoni mwa watu wenye safari. Siku ya tatu na ya nne aliishia kwa kinyozi, ambaye kibanda chake kilikuwa na kioo kilichopasuka pembe na redio isiyozimwa.

"Mwalimu! Leo tena? Nywele zenyewe nilizimaliza jana, leo nikunyoe nini, mawazo?"

"Nimetoka kunyoosha miguu tu."

"Siku ya nne hii nakuona barabarani unanyoosha. Itakuwa mirefu kama ya twiga." Kinyozi alimkonyeza mteja aliyekuwa na povu mashavuni. "Sema ukweli, mzee wetu, Mama kakutimua?"

"Ana kazi nyumbani. Anataka utulivu."

"Ndiyo hivyo hivyo wanavyoanzaga. Utulivu leo, kesho unakuta kitanda chako kiko nje."

Kibanda kizima kilicheka, na Mwalimu akacheka nao, maana afadhali mtaa uamini katimuliwa kuliko kueleza sababu. Ungeielezaje? Kwamba kuna mwanamke anafungua mdomo ukitoka, na ukirudi anaufunga?

Siku ya sita alisahau miwani. Alipofika kona ya pili ndipo alipojua, akarudi. Hakuwa na nia mbaya. Aliapa hivyo moyoni hata kabla ya kufika getini. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi nusu, na sauti ya Mkunga ilikuwa inatoka, kubwa, ya juu, haina haraka, sauti ambayo hakuijua. Kwenye kochi, kwa uwazi wa pazia, aliona mto uliofungwa kwa kanga na ndani yake mwanasesere wa matambara, na mikono ya mkewe imeukumbatia mto kutoka juu na chini, ikisukuma polepole. Bawaba ya geti ikalia. Sauti ikakatika hapo hapo, kama bomba lililofungwa.

"Nani?"

"Ni mimi. Miwani."

Akampitishia miwani dirishani. Kesho yake Mwalimu aliipaka ile bawaba mafuta, kisha akaona aibu kwa kuipaka, maana mtu anayepaka bawaba mafuta ni mtu anayepanga kuja bila kusikika. Basi akawa anaondoka robo saa mapema na kurudi nusu saa baadaye.

*

Mafunzo yalianza, na Mkunga akawa anatoka alfajiri na kurudi jioni miguu imechoka, macho yanang'aa. Mwalimu alimpikia. Hakuwa mpishi, wali wake ulishikana kama udongo wa mfinyanzi, na mkewe alikula bila kusema lolote. Akiulizwa mafunzo yanaendaje, alisema yanaenda vizuri. Akiulizwa zaidi, alisema watu ni wazuri, wasikivu, mmoja ana mikono mizito lakini atajifunza.

Mwalimu aliahidi kutokwenda. Siku tisa alitimiza. Siku ya kumi, siku ya kufunga, alivaa koti lake la mahafali "kwenda posta," akapita posta bila kuitazama, na saa nne na nusu alikuwa kwenye korido ya hospitali, nje ya ukumbi wa mafunzo, amesimama kati ya pipa la taka na mlango wa chumba cha mashuka, mahali ambapo mtu aliye ndani hawezi kumwona. Dirisha la ukumbi lililotazama korido lilikuwa limeachwa wazi kwa ajili ya joto.

Mkewe alikuwa anasema.

Mwanzoni alifanya alichokifanya maisha yake yote: alihesabu. Moja. Mbili. Hapo alipaswa kusema 'in', kasema 'on'. Mtoto wa watu kawekwa juu ya tumbo badala ya ndani yake. Tatu. Nne. Vidole vyake vilikuwa vinajikunja vyenyewe ndani ya mfuko wa koti. Lakini ndani ya ukumbi hakuna hata mkunga mmoja aliyeinuka kumtafuta yule mtoto juu ya tumbo. Waliandika. Walicheka. Mmoja aliuliza swali, naye Kiingereza chake kilikuwa na vilema vyake, na Mkunga akamjibu, na mwingine akadakia kwa Kiingereza cha tatu. Kila mmoja na chake, kila kimoja kinachechemea mguu tofauti, na vyote vinafika.

Alipofika kumi na moja alipoteza hesabu, kwa sababu alikuwa ameanza kutaka kujua mtoto atafikaje.

Mkunga alikuwa anawasimulia habari ya mwanamke mmoja, mwenye mimba ya miezi tisa kasoro, mtoto ametanguliza matako na hataki kupinduka. Mwanamke mwenyewe naye ni mkunga, kwa hiyo anajua vizuri mno kinachoweza kutokea, na woga wake ni mkubwa kuliko wa mtu asiyejua. Kisu kiko mji mwingine, barabara imekatika kwa mvua. Basi mkunga mzee wa zamu akamlaza juu ya meza, akamwambia pumua, mwanangu, akapaka mikono mafuta. Akamshika mtoto kichwa kwa mkono huu na makalio kwa mkono huu, akangoja. Hakusukuma. Akangoja. Kila mtoto alipojinyoosha, yule bibi alimfuata, kidogo, akamshikilia asirudi. Saa nzima. "Nilimtukana mama yake mara tatu," Mkunga alisema kwa Kiingereza chake, na ukumbi ukaangua kicheko. "Alinijibu, mama yangu alishakufa, endelea kupumua." Kisha akasema alivyohisi mtoto anapinduka ndani yake, mzima mzima, kama mtu anayegeuka kitandani kutafuta upande wenye baridi. Na kwamba tangu saa ile alijua mikono yake itafanya kazi gani duniani. Na mtoto yule sasa ana miaka thelathini na moja, anaendesha lori, na bado hapendi kuambiwa pa kuelekea.

Ukumbi ulicheka tena. Mwalimu hakucheka. Anayeendesha lori ni kitinda mimba wake.

Aliegemea ukuta. Mwaka ule alikuwa kwenye kituo cha kusahihisha mitihani ya taifa, wiki tatu, mbali na nyumbani. Alikumbuka siku aliyorudi. Mtoto kazaliwa, mama mzima. Aliuliza kama mambo yote yalikwenda salama, akaambiwa salama, akashukuru, akaomba chai. Kisha akakaa kando ya kitanda cha mzazi, na jioni nzima akamsimulia vituko walivyoviandika watahiniwa kwenye swali la vihusishi.

Makofi yalipoanza mle ndani aliondoka haraka, karibu kukimbia, kwa mzee wa umri wake.

*

Mkunga alirudi saa kumi, cheti kimeviringishwa mkononi na maua ambayo tayari yalikuwa yamelala. Alivua viatu mlangoni. Alimkuta mumewe sebuleni, koti la mahafali bado mwilini.

"Umetoka wapi umependeza hivyo?"

Alikuwa na uongo tayari. Posta, kinyozi, mazishi ya mtu asiyemjua; yote matatu yalikuwa yamejipanga.

"Nilikuwa kwenye korido," alisema. "Kando ya chumba cha mashuka."

Mkunga aliweka maua mezani, ua moja moja, kama anayepima jambo. Mwalimu alingoja afokewe, na angefurahi kufokewa.

"Ulihesabu?"

"Mpaka kumi na moja. Kisha nikapotea."

"Kumi na moja tu?"

"Kisha nikapotea, nimekuambia. Nilikuwa nataka kujua mtoto atafikaje." Akafungua kifungo cha koti. "Sikujua kwamba ni yeye. Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza."

"Sikuuliza, kweli." Alivuta kiti, akakiweka mbele ya kiti cha mkewe, karibu, magoti yakaribie kugusana, akaketi. "Nihadithie basi. Kama ulivyowahadithia wale. Kwa Kiingereza kile kile, usikinyooshe. Siwezi kusema kwamba nimeusikia vizuri uzuri wake, mke wangu. Nimeuiba tu dirishani. Nataka unipe mwenyewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mimi nitakaa kimya kama maji mtungini."

Mkunga alimtazama kwa muda mrefu. Jua la jioni lilikuwa limeingia hadi katikati ya sakafu. Alikohoa kidogo, akaweka mikono tumboni kama alivyoiweka ukumbini bila shaka, akaanza. Sentensi ya kwanza ilitoka yote. Ya pili ikatoka. Sauti ilikuwa ile ile, ya juu, haina haraka, na Mwalimu alihisi machozi yanamkaribia, akainama mbele asipoteze neno. Ya tatu ilifika katikati, ikasimama.

Alingoja. Haikuendelea.

"Endelea," alinong'ona. "Ilikuwa inakwenda vizuri."

"Umeona?" Mkunga alisema kwa Kiswahili.

"Nimeona nini? Sijasema kitu! Sijafungua hata..."

"Midomo yako, Mwalimu."

Aliinua mkono akajigusa. Midomo ilikuwa imekaa katika umbo la neno, imekwisha kujiandaa. Ilikuwa imemtangulia mkewe njiani, na ilikuwa inamsubiri pale mbele na kile kijineno kidogo, kilicho sahihi.

"Huwa nafanya hivi?"

"Kila mara."

"Tangu lini?"

"Tangu uchumba." Hakukasirika. Alimpigapiga goti mara mbili, kama anavyowapigapiga akina mama ambao uchungu wao bado haujafika. "Si kosa lako. Nadhani hujui hata kama midomo hiyo unayo."

Kisha akaegemea nyuma, akakunja miguu yake iliyochoka juu ya kiti, akamhadithia habari yote kwa Kiswahili: mvua, barabara iliyokatika, meza, mafuta, matusi, saa nzima ya kungoja. Alihadithia vizuri, hakuruka kitu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kiganja kikiwa kimefunika mdomo.